Usimpe mwanasiasa jirani yako

Hii naiandika saa nne asubuhi, nshatoa mahamri ya mwisho kwa karai na mbaazi zimebaki chini kabisa ya sufuria, mgongo unaniuma lakini leo lazima niseme. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027 na nshaanza kuona kwenye grupu za WhatsApp za mtaa watu wanaanza kuvimbiana, huyu anatoka kwa grupu, yule anatukana, na ni watu wanaochota maji kisima kimoja. Yalonipata mimi sitaki yampate mtu.

2017 mimi na shoga yangu tuligombana. Huyu ni mtu nlokaa naye mlango kwa mlango huku Kisauni, Mombasa, miaka kumi na moja, mwanangu wa pili uchungu uliponishika usiku ni yeye alonishika mkono mpaka tuktuk ikaja, nazi ikinipungukia nagonga kwake, sukari yake ikiisha anamtuma mtoto na kikombe. Yeye alikuwa Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, mimi NASA, ule muungano wa Raila Odinga. Mwanzo ilikuwa utani tu wa asubuhi wateja wakingoja mahamri yaive, huyu anasema hivi yule anasema vile, tunacheka. Agosti 8 tukapiga kura, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais yalompa Uhuru ushindi na hapo ndo mambo yakaharibika, kwa sababu upande wetu tulishangilia sana, watu wakatoka nje wanagonga sufuria, na mimi nikaenda kugonga yangu mlangoni kwake. Makusudi. Alikuwa amefiwa na mamake wiki mbili nyuma na mimi nilijua, nlikuwa nimeenda matangani mwenyewe. Marudio yakaja Oktoba 26, yeye akaenda kupiga kura mimi sikwenda, na kutoka hapo hakuna salamu.

Halafu Machi 9, 2018 Uhuru na Raila wakasimama pale Harambee House Nairobi wakapeana mikono. Niliona kwa TV ya dukani nimeenda kununua unga wa ngano. Nilisimama pale na unga wangu mkononi nikawaza hawa wawili wamepatana na wanaitana ndugu, mimi na mwenzangu tunaegemea ukuta mmoja hatuamkiani. Na usidhani nilienda kwake siku hiyo. Sikwenda, wala mwaka huo, wala uliofuata. Mchezo wetu wa kutoa pesa kila Ijumaa ulikuwa ushavunjika maana wanawake walijigawa vyama, watoto wetu walikuwa wanacheza kwa kujificha, na mimi wateja wa upande ule wote walihama wakawa wananunua mahamri kule barabarani.

Tulipatana 2020 wakati wa korona. Mnakumbuka kafyu ile, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kuingia hakuna kutoka. Mimi muuza mahamri, wateja wangu wengi ni watu wa kazi za hoteli na kibarua, hoteli zimefunga, nani ananunua. Siku moja akabisha hodi na kopo la unga. Akasema chukua shoga watoto wale. Basi, hakusema kingine.

Hapa ndo nataka kukupa ushauri wangu wa kwanza wewe ulogombana na mtu sababu ya siasa. Ukienda kuomba msamaha usianze kueleza siasa. Usiseme "unajua wakati ule sote tulikuwa na hasira" au "hata nyinyi pia mlitutukana". Taja kile ulichofanya wewe. Mimi nilimwambia shoga yangu, siku ile nligonga sufuria mlangoni kwako na wewe uko kwenye msiba, nisamehe. Akaniambia, nilisikia, nlikuwa nakunja nguo za mama. Tukalia hapo kizingitini mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Wallahi mpaka leo nikikumbuka hizo nguo za mamake roho inaniuma, na hakuna kiongozi hata mmoja anayejua jambo hili lilitokea.

Sasa siwaambii muache siasa. Hapana. Mtu akiniambia "mimi siasa sitaki kuskia" namwambia bei ya mafuta ya kupikia haikuulizi kama unataka. Lakini nimejifunza kuwa tunaiweka siasa yetu pasipo pake. Sisi hapa mtaani tulikuwa na mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, ilozimika miezi minane, giza totoro, na wanawake tunaamka saa kumi kuwasha majiko na wengine wanatoka kwenda soko la Kongowea kufunga bidhaa. Msichana mmoja akaporwa pochi na simu pale pale chini ya mlingoti. Na barazani jioni kelele ni za rais, rais, rais. Rais haji kubadilisha taa ya kichochoro chetu! Si kazi yake. Ukisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, limegawa kazi wazi kabisa: taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua, takataka, masoko, zahanati, chekechea, hizo ni za kaunti. Polisi, bandari, shule za sekondari ni za serikali kuu. Feri ya Likoni nayo inaendeshwa na shirika la serikali kuu, kwa hivyo ukimlilia mwakilishi wadi kuhusu feri unamchosha bure na yeye atakupa ahadi bure. Mombasa ina wadi thelathini, yaani yule mwakilishi wako yuko karibu na wewe kuliko unavyofikiria, mwengine unamwona msikitini au kanisani kila wiki.

Nikaanza kwenda vikao vya bajeti. Makadirio ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 na mwaka wa pesa unaanza Julai 1, na kwa sheria wananchi lazima waskizwe kabla hayajapitishwa, kwa hivyo kuanzia Februari hivi kaa macho, uliza, tangazo huwa linatoka gazetini na kwenye tovuti yao. Kikao cha kwanza nlichoenda tulikuwa watu kama ishirini tu, wazee watupu, na ni siku ya kazi asubuhi kwa hivyo wengi hawawezi, hilo naliona ni kosa kubwa na nililisema pale pale.

Maneno ya mdomo hayakutosha lakini, ofisi moja inatutuma nyingine. Ndo tukaandika barua. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwananchi yeyote anaweza kuuliza na ofisi ina siku 21 za kujibu. Usiandike "tunaomba mtusaidie". Uliza swali lenye jibu: je, mwaka huu kumetengwa pesa za kurekebisha taa wadi yetu, kiasi gani, na kazi kapewa nani. Peleka kopi mbili, moja wagonge muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani, maana bila muhuri utaambiwa barua haikufika. Jibu letu lilikuja siku ya kumi na tisa. Fundi akaja wiki tano baadae. Taa nne kati ya sita zinawaka, mbili bado, tunafuatilia.

Barua aliandika shoga yangu, aliwahi kuwa karani na ana mwandiko mzuri, mimi nikapeleka. Yeye bado chama chake na mimi changu, hatujabadilishana.

Na hii ya wanasiasa kugawa shilingi mia mbili na leso wakati wa kampeni, mimi nshachukua zamani na sichukui tena. Leso inachuja rangi mfuo wa tatu, na ukishaipokea utaona haya kumuuliza yule mtu swali.

Raila alipofariki Oktoba 15, 2025 nlikuwa nakanda unga wa kesho. Shoga yangu akaja mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kumpigia kura hata siku moja, akanawa mikono akakaa akaendelea kukanda mimi nikiwa nalia. Hakusema kitu. Fikiria kama ningekuwa bado sijamwomba msamaha.

Sasa tuko kwenye suala la mtaro wa maji ya mvua. Masika ilopita maji yaliingia mpaka darasa la chekechea, vitoto vikakaa juu ya meza. Barua ameshamaliza kuandika jana usiku, kopi mbili, Jumatatu nikishauza mahamri naipeleka.