Wamefungwa mara mbili, ubingwa wamepata vipi?

SWALI: Kaka mhariri, salamu kutoka Shela, Lamu. Binamu yangu anasoma Columbus kule Marekani, kila tukipigiana simu ananijazia habari za Ohio State, timu ya chuo cha huko ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, eti msimu wa 2024 walifungwa mechi mbili na bado wakawa mabingwa. Kwetu si timu ingekuwa ishatoka hiyo?

JIBU: Dadangu, binamu yako hajakudanganya. Ule mpira wa vyuo hauna ligi moja ya pointi kama tulivyozoea, kila timu inacheza mechi 12 hivi kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba, halafu kamati inakaa inachagua timu za mtoano, na msimu huo ndo zimeongezwa kutoka 4 mpaka 12, kwa hiyo Ohio State wakaingia kama timu ya nane.

Na walikuwa wameumia jamani! Oregon waliwapiga 32-31, halafu Michigan, mahasimu wao wakubwa, wakawafunga 13-10 nyumbani kwao. Kwenye mtoano wakakutana na Oregon tena, wakawachapa 41-21.

Fainali na chuo cha Notre Dame ilikuwa 20 Januari 2025 Atlanta, kwetu saa tisa na nusu usiku. Waliongoza 31-7, Notre Dame wakarudi mpaka 31-23, hapo roho mkononi. Ohio State wako jaribio la tatu kati ya manne, wanataka yadi 11 ili waendelee kushika mpira, Will Howard akarusha mpira mrefu, Jeremiah Smith akaudaka, yadi 56! Mimi pasi ile naipenda mno. Ikaisha 34-23.