Begi la dharura limekuwa zito mno: nipunguze nini?

Swali: Nimeandaa begi la dharura kwa familia ya watu wanne, lakini maji ya siku tatu yamelifanya lisibebeke. Nipunguze nini, na tukilazimika kuhama usiku tufuate utaratibu gani?

Jibu: Kiwango kinachopendekezwa na wengi ni takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na kwa familia yako hiyo ni lita 48, yaani kilo 48 kabla hujaweka hata tochi. Maji hayo ni akiba ya kuwatosha mkiwa mmekwama nyumbani, wala si mzigo wa kukimbia nao. Yaache kwenye madumu, kisha kila mtu mzima awe na begi lake la mgongoni lenye lita 2 na vidonge vya kutibu maji. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa uchafu hudhoofisha dawa, na muda wa kusubiri ufuatwe kama ulivyoandikwa kwenye pakiti, ambao mara nyingi ni dakika 30 au zaidi.

Vyakula vya makopo navyo vipunguze. Usiguse dawa za wagonjwa, nakala za nyaraka zilizofungwa ndani ya nailoni, noti ndogondogo na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu ikizima chaji hakuna anayekumbuka namba ya shemeji yake. Betri zikae nje ya tochi ili zisivujie ndani.

Kuhusu kuhama, ambako kwa maoni yangu kuna uzito kuliko begi lenyewe, chagueni sehemu mbili za kukutania: moja hatua chache kutoka mlangoni, nyingine nje ya mtaa, endapo mtaa wote utafungwa. Amueni mapema nani anambeba mtoto na nani anazima swichi kuu na kufunga gesi, ikiwa tu muda upo. Mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi yoyote, tokeni. Kukiwa na mafuriko, msijaribu kuvuka kwa gari, kwani maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kulibeba gari dogo. Kisha fanyeni zoezi usiku, taa zote zikiwa zimezimwa na kila mtu akiwa na begi lake mgongoni; atakayeshindwa kushuka ngazi nalo, mpunguzieni tena.