Na sisi utatupimia?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: alama ya dini ikisimama kwenye ardhi ya umma, je, ugomvi unaisha kipande hicho kikikabidhiwa watu binafsi? Mimi ni mpima ardhi, riziki yangu ni kuchimbia bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, na jibu langu ni kwamba unaisha mahakamani tu, si kwa majirani.

Chukueni kesi ya jangwa la Mojave, California. Mwaka 1934 maveterani walisimamisha msalaba juu ya mwamba uitwao Sunrise Rock, kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ardhi ilikuwa ya serikali kuu. Mwaka 1999 mtu mwingine akaomba kujenga stupa, mnara wa ibada wa Kibudha, karibu na hapo. Wasimamizi wa hifadhi ya taifa ya hapo wakamkatalia. Ndipo Frank Buono, mstaafu wa hifadhi za taifa, akaenda mahakamani. Na huyo ni Mkatoliki! Msalaba haukumkera. Kilichomkera ni serikali kumfungulia mmoja mlango na kumfungia mwingine.

Kesi ikiendelea, msalaba ulifunikwa turubai, kisha ukafungiwa ndani ya sanduku la plaiwudi. Jangwa tupu, mwamba, na juu yake sanduku. Kwa mbali ungedhani ni bango linalosubiri tangazo.

Bunge lao likaja na dawa: ekari 1 yenye msalaba iende kwa chama cha maveterani, serikali nayo ipate ekari 5 za mtu binafsi kwingineko ndani ya hifadhi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika, majaji 5 kwa 4, ikairudisha kesi chini. Wiki mbili hazijaisha, msalaba ukaibwa usiku. Suluhu ilipatikana 2012: ardhi ikabadilishwa, msalaba mpya ukasimama.

Kwetu hiyo tunaiita urasimishaji. Unakuta mtu ameshajenga, unamzungushia bikoni, anapata hati. Nimeifanya sana na siidharau, ila najua inamfaa nani: aliyewahi. Wa stupa hakupata hata robo ekari. Ningekuwa jaji, kabla ya kuuliza shamba ni la nani ningeuliza wa pili alipobisha hodi alijibiwa nini.

Kwa Tanzania dawa ile ingekwama mapema zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati inakupa haki ya kukaa na kutumia, basi. Kwa hiyo nyumba ya ibada yenye hati safi na banda lililoota kwenye eneo la wazi, vyote vimekalia ardhi ya umma. Kinachovitenganisha ni mchoro wa mipango miji.

Kuna mtaa niliupima ambako waumini wa upande mmoja walikuwa wameweka banda la mabati kwenye eneo la wazi. Nimeshafunga mashine, mzee wa upande wa pili akanisogelea. "Mwanangu, wale ukiwapimia, na sisi utatupimia?" Nikamkunjulia mchoro juu ya boneti ya gari. Akainama, akauliza banda liko wapi hapo kwenye karatasi. Nikamwambia halipo.

"Mbona lipo," akasema, akalinyooshea fimbo.