Mazabodi gani ya ITX haitaniangusha kwenye PC ndogo ya gemu?

SWALI: Habari fundi. Nasoma Dodoma ila nyumbani ni Dar, Tabata. Nilikuwa na PC kubwa ya gemu, mazabodi yake ikafa siku umeme umekatika ukarudi, fundi wa mtaani kaikagua kasema haitengenezeki. Nimebaki na kadi ya picha ya RTX 3060 Ti, RAM mbili za DDR4 za GB 8 kila moja na SSD ya M.2. Sasa nataka nijenge ndogo ya kubeba kwenye begi nikienda na kurudi chuo. Muuzaji mmoja ananisisitiza nichukue bodi ya Z790 ya ITX na Core i7-13700K, anasema hiyo ndo imara haifi leo wala kesho, ila bei yake inafyeka hela yote niliyonayo. Ni kweli bodi ya bei kali ndo inadumu? Nichukue ipi?

JIBU: Salama mdogo wangu, pole na msiba wa bodi. Huyo muuzaji mshukuru alafu endelea na safari yako. Sio kwamba Z790 ni mbaya, ni bodi nzuri sana tu, ila hapo unalipia uwezo wa kuovaklok (kuisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani) ambao kwenye keisi ya lita 10 au 18 hutautumia hata siku moja, na unauziwa prosesa ambayo Intel wenyewe wameiandikia inaweza kuvuta mpaka wati 253 ikikazana. Wati 253 ndani ya kaboksi kadogo, tena Dar mwezi wa pili, utaipoza na nini?

Afu kuna hili muuzaji hajakwambia. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la kupandisha volti kupita kiasi, gemu zinakuwa zinajizima zenyewe na prosesa inachakaa kabla ya wakati. Intel wakakiri mwaka 2024, wakatoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya bodi) na wakaongeza waranti miaka miwili. Ukinunua mpya ukaapdeti BIOS hamna shida, lakini ya mtumba ambayo imeshatumika mwaka mzima na BIOS ya zamani, kama imeshaumia hakuna apdeti inayoiponya. Na huwezi kujua kwa kuitazama.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Watu wengi wanadhani uimara wa bodi ndogo upo kwenye jina na bei, mimi nasema unaanzia kwenye prosesa unayoipachika. Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170, wakati Micro-ATX inaenda mpaka 244 kwa 244 na ATX ya kawaida ni 305 kwa 244. Kwenye hako kaeneo inabidi vikae soketi, nafasi mbili za RAM, nafasi moja ya kadi, M.2, Wi-Fi na ile saketi inayolisha prosesa, ndo wanaita VRM. Kazi ya VRM ni kuchukua volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha mpaka volti moja na kidogo ambazo prosesa inazitaka, na volti ikishuka ampea zinapanda, yaani prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 inapitisha ampea 100. Ampea mia! Zote zinapita kwenye vimosfeti (swichi za umeme) vidogo vilivyobanana pembeni ya soketi chini ya kipande cha hitisinki, na moto wote wa kazi hiyo unabaki humo humo kwenye keisi. Sasa piga picha ya wati 253.

Ndo maana bodi ya kawaida yenye prosesa ya wati 65 inaweza kudumu miaka huku bodi ya mamilioni yenye prosesa ya kubabua inachoka mapema. Joto ndo linakula kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme kwenye bodi, zile zenye kimiminika ndani mafundi tuna kanuni yetu kwamba kila nyuzi 10 zikipanda umri wake unapungua karibu nusu, hizi za kisasa ngumu zinavumilia zaidi ila nazo sio chuma. Kwa hiyo ukishachagua prosesa tulivu nusu ya swali lako limeshajibika, bodi yoyote ya maana ya chipseti ya B550, B650 (hizi mbili za AMD) au B760 (ya Intel) itaibeba bila kuhema.

Kwa vitu ulivyonavyo wewe, RAM zako ni DDR4, na AM5 yote, ile soketi mpya ya AMD iliyo kwenye B650, inataka DDR5 tu. Ukienda AM5 unanunua bodi, prosesa na RAM mpya kwa mpigo. Ni soketi yenye maisha marefu mbele, AMD wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na kuendelea, ila kwa 3060 Ti na bajeti ya mwanafunzi sioni haraka ya nini. Ningekuwa mimi ningetafuta Ryzen 5 5600 na bodi ya B550 ya ITX, kwa mfano Gigabyte B550I Aorus Pro AX au ASUS ROG Strix B550-I, yoyote utakayoipata kwa mtu mwenye waranti inayoeleweka. Au upande wa Intel chukua Core i5-12400, hiki ni kizazi cha 12 hakimo kwenye lile tatizo, na bodi kama ASRock B760M-ITX/D4 WiFi au Gigabyte B760I Aorus Pro DDR4. Kwenye gemu na kadi yako hutaona tofauti ya maana kati ya hizo njia mbili, usikeshe YouTube kulinganisha fremu tatu.

Hapo kwenye B760 fungua macho. Kuna za DDR4 na kuna za DDR5, majina yanafanana mpaka mwisho kabisa, na RAM za DDR4 haziingii kwenye nafasi ya DDR5 hata ukisukuma vipi kwa sababu kata yake imewekwa sehemu nyingine. Soma boksi lote. Kingine, i5-12400 isiyo na F inatoa picha yenyewe bila kadi, Ryzen 5 5600 na 12400F hazitoi. Kwa mtu anayesafiri na mashine hiyo sio anasa, siku skrini ikiwa nyeusi unachomoa kadi unachomeka HDMI kwenye bodi na ndani ya dakika mbili unajua mgonjwa ni nani.

Ukienda na B550 muulize muuzaji kama BIOS inaitambua Ryzen 5000, maana B550 zilitoka katikati ya 2020 kabla ya hizo prosesa, na bodi iliyokaa stoo tangu siku zile haitawaka mpaka iapdetiwe. Bodi nyingi nzuri zina kitufe nyuma cha kuweka BIOS kwa flashi bila hata prosesa kuwepo, ASUS wanakiita BIOS FlashBack, Gigabyte Q-Flash Plus, MSI Flash BIOS Button. Mimi kitufe hiki nakipa uzito kuliko mataa yote ya rangi, kwa sababu BIOS ikiharibika katikati ya apdeti umeme ukakatika, na huku kwetu utakatika, bado una njia ya kuifufua bodi bila kutafuta fundi mwenye programa, kile kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS. Na apdeti sio mbwembwe tu, 2023 prosesa za Ryzen 7000 za X3D zilikuwa zinaungua kwenye soketi na dawa ilikuja kwa BIOS mpya iliyofunga volti ya SoC (sehemu mojawapo ndani ya prosesa) isizidi 1.3.

Vingine vya kukagua kabla hujalipa: M.2 ya pili kwenye ITX mara nyingi ipo mgongoni mwa bodi, huko hakuna upepo kabisa, kwa hiyo SSD yako ikae ya mbele. Hakikisha pia SSD yenyewe ni NVMe au SATA, zinafanana umbo ila sio kila nafasi ya M.2 inapokea ya SATA. Hesabu na pini za feni, ITX nyingi zina mbili au tatu basi. Kama keisi uliyoipenda inaweka kadi kwa kebo ya riza (ya kurefusha nafasi ya kadi), na riza ni ya kizazi cha PCIe 3.0 huku bodi na kadi ni 4.0, unaweza ukapata skrini nyeusi au kugandaganda ukadhani bodi mbovu, kumbe ni kuingia BIOS na kuishusha ile nafasi kuwa Gen3. Kwa 3060 Ti hupotezi kitu cha kukusikitisha.

Kupoza nako kuna siri ndogo. Watu wanakimbilia kupoza kwa maji kwenye keisi ndogo, prosesa inapoa kweli ila pale kuzunguka soketi hakuna tena upepo, VRM inabaki inajipikia. Feni inayolala na kupuliza kuelekea kwenye bodi, kama Thermalright AXP90-X47 ya milimita 47 kwenda juu, inapoza prosesa na VRM na RAM kwa pamoja, na kwa prosesa ya wati 65 inatosha. Tena haina ule uzito wa kuning'inia kwenye bodi ukiwa njiani. Ila ukiwa na AM4, yaani ile njia ya B550, siku ya kuitoa hiyo feni iwashe mashine kwanza ipate joto, zima, alafu izungushe taratibu kushoto kulia, ukiivuta kavu inang'oka na prosesa na pini zinapinda.

Unaweza pia kujiuliza kama ITX ni lazima. Bodi ya Micro-ATX yenye chipseti ile ile ni rahisi kwa hela nzuri tu, ina nafasi zaidi ya kuhema, na siku hizi kuna keisi zake ndogo, Lian Li A3-mATX ni lita 26.3 wakati Cooler Master NR200 ya ITX ni lita 18.25. Kama unasafiri na SGR mara mbili tatu kwa mwaka mimi ningefikiria hiyo. Ila umesema begi, basi chukua rula upime begi lako kabla ya kununua keisi, watu wanasahau hilo alafu wanabeba PC kwenye kiroba.

Sasa umeme, na hapa ndo bodi yako ya kwanza ilipoondokea. Hakuna bodi ya bei yoyote inayohimili umeme mbovu ukipita pawa saplai ya hovyo. Keisi nyingi ndogo zinataka pawa ya SFX, ile yako ya zamani hata kama ilipona haitaingia, na naomba usiipende sana maana inawezekana ndo iliyopitisha kipigo. Chukua SFX ya wati 600 au 650 ya kampuni inayojulikana yenye alama ya 80 Plus Gold, kadi yako ni wati 200 na prosesa haifiki 120, una nafasi ya kutosha. Hela uliyookoa kwenye Z790 iende hapa na kwenye UPS yenye AVR (kisawazisha volti) ndani. Kwenye UPS wengi wanaingizwa mjini kwa VA, ile iliyoandikwa 650VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400 na ukiwa kwenye gemu itapiga kelele na kuzima, anzia 1000VA kwenda juu. Umeme ukikatika zima na uchomoe kabisa ukutani, usisubiri urudi ndo ukumbuke.

Angalia na earthi ya chumba unachopanga. Kama ukigusa keisi unahisi vijisisimko vya shoti, ujue soketi haina earthi au kebo yako ni ya pini mbili umeilazimisha kwa kijiti, na hapo hata ekstensheni ya kuzuia saji (umeme kuruka ghafla) haifanyi kazi yake vizuri kwa sababu nyingi zinategemea huo waya kutupia umeme uliozidi. Mwite fundi umeme, sio mimi.

Mtumba sikukatazi ila kwa masharti. Bodi za Intel za LGA1700, soketi ya hizo B760 na Z790, pini ziko kwenye bodi yenyewe, mulika tochi ya simu kwa pembeni, pini moja iliyolala inaonekana kama doa kwenye mistari. Bila kifuniko cha plastiki cha soketi mimi sinunui. Tazama kutu kwenye pini za nyuma kama imetoka Kigamboni au sehemu za karibu na bahari. Hizi bodi ndogo za kichina zenye prosesa ya laptop imechomelewa humo humo ni rahisi na zinawaka, ila BIOS zake apdeti ni za kubahatisha na prosesa ikifa umezika vyote. Na ukiagizia kwa mtu Dubai uliza kwanza waranti itadaiwa wapi na nani analipa usafiri wa kurudisha, kwenye bodi hilo ni sehemu ya bei.

Ukishanunua usikimbilie kuifunga kwenye keisi. Iweke juu ya boksi lake la karatasi, pachika prosesa, feni, RAM na kadi, unganisha pawa saplai, iwashe kwa kugusisha na bisibisi zile pini mbili za kwenye bodi za swichi ya kuwashia. Ikiwaka acha MemTest86 (programu ya kupima RAM) iende usiku kucha, asubuhi weka Windows, ifunge kwenye keisi, piga gemu zito kwa saa moja huku programu ya HWiNFO imefunguliwa na usome joto la VRM, bodi nyingi zinalionyesha. Ikibaki chini ya nyuzi 90 na kifuniko cha keisi kimefungwa, tulia. Ikizidi hapo, au MemTest ikitoa kosa hata moja, jaribu kwanza RAM moja moja, na kama bado, rudisha bodi dukani wiki hiyo hiyo ukiwa na risiti na boksi lake, usingoje mpaka ufike Dodoma.