Maswali ya Wasomaji: Hesabu ya Bolingi kwa Kalamu na Karatasi

SWALI: Skrini ya alama ilizimika katikati ya mchezo, tukaamua kuandika wenyewe. Niliangusha pini zote 10 kwa tufe la kwanza, nikajiandikia 10. Mwenzangu akabisha kwamba ni 20. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Dakika ile, hakuna. Straiki, yaani pini zote kulala kwa tufe la kwanza, huandikwi alama papo hapo: unachora X kwenye kisanduku kidogo cha juu, na nafasi ya jumla chini yake unaiacha wazi mpaka urushe matufe mawili zaidi. Thamani yake ni 10 na pini za matufe hayo mawili. Spea, yaani pini zote kulala kwa matufe mawili, huchorwa mkwaju (/) na kusubiri tufe moja tu. Fremu (zamu moja kati ya kumi za mchezo) isiyo straiki wala spea ni pini ulizoangusha, basi. Tufe lisilogusa pini huandikwa kistari (-).

Tuseme mmeanza hivi: X, kisha 7 na /, kisha 9 na -. Fremu ya 1 ni 10+7+3 = 20. Ya 2 ni 10+9 = 19, jumla 39. Ya 3 ni 9, jumla 48. Kwa hiyo mwenzako angeweza kupata 20 yake, kwa mfano kwa straiki inayofuatwa na spea.

Wengi hupotea straiki zikifuatana. Endelea na X, X, kisha 8 na 1. Fremu ya 4 ni 10+10+8 = 28, jumla 76; ya 5 ni 10+8+1 = 19, jumla 95; ya 6 ni 9, jumla 104. Ile 8 imehesabiwa mara tatu, na ndivyo inavyotakiwa. Anayeisahau kwenye fremu ya 4 amejipunja pini 8, na kosa hilo atalibeba hadi mwisho kwa kuwa kila jumla hujengwa juu ya iliyotangulia. Hesabuni matufe, msihesabu fremu.

Fremu ya 10 ina utaratibu wake. Ukipiga straiki unaongezwa matufe mawili, ukipata spea unaongezwa moja, na pini zake zinajumlishwa humo humo bila nyongeza nyingine. X, X, 6 ni 26. Fremu hiyo haiwezi kuzidi 30, na mchezo mzima 300, yaani straiki 12 mfululizo.

SWALI: Nikipata 9 na spea kila fremu nitafika 200?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana. Kila fremu itakuwa 10+9, na tufe la ziada la mwisho likiangusha 9 utaishia 190. Cha ajabu, anayepishanisha straiki na spea tangu mwanzo hadi tufe la mwisho hupata 200 kamili, hata kama tufe la kwanza la spea zake liliangusha pini mbili tu. Fanyeni hesabu, kila fremu ni 20.

SWALI: Mguu ulivuka mstari, pini 9 zikaanguka. Zinahesabiwa?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hazihesabiwi. Andika F, tufe limetumika na alama ni sifuri. Ikiwa ni tufe la kwanza, pini zote 10 zinasimamishwa upya, na ukiziangusha zote kwa la pili hiyo ni spea, si straiki. Vivyo hivyo tufe lililoingia mferejini likaruka na kugonga pini: hazihesabiwi, zinarudishwa. Pini iliyoyumba ikabaki imesimama haijaanguka. Iliyoegemea ukuta wa pembeni imeanguka, ingawa hapo ndipo ugomvi huwa mwingi.