Kompyuta yangu haioni Wi-Fi: ninunue vifaa gani?

SWALI: Habari fundi. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika. Nyumbani tuna kisanduku cha intaneti na simu zetu zote zinapata Wi-Fi bila shida, ila kompyuta haioneshi mtandao wowote. Muuzaji kaniambia ninunue modemu, ruta, swichi na kadi ya mtandao. Ni lazima nipate vyote hivyo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usifungue pochi bado. Huenda unachohitaji ni waya tu, wa kutoka kwenye kisanduku chenu hadi kwenye kompyuta.

Igeuze kompyuta uangalie nyuma. Tafuta tundu linalofanana na la waya wa simu ya mezani, ila pana zaidi, lenye vishaba vinane ndani. Likiwepo, basi kadi ya mtandao (kipande kinachoiunganisha kompyuta na mtandao) unayo, maana kwa kawaida huja imeshikizwa kwenye ubao mkuu tangu kiwandani. Modemu na ruta navyo mnavyo, la sivyo simu zenu zisingepata intaneti. Modemu hupokea mawimbi yanayoingia nyumbani na kuyageuza kuwa data (kwenye faiba kazi hiyo hufanywa na kifaa kingine, lakini maana ni ileile), kisha ruta huugawa muunganisho huo mmoja kwa vifaa vyote. Siku hizi mara nyingi vyote viwili hukaa ndani ya boksi moja. Swichi ni ya kuongeza matundu pale yale ya ruta yanapojaa. Wewe una kompyuta moja, ya nini?

Sasa waya. Chukua ulioandikwa Cat5e au Cat6 kwenye ganda lake. Cat5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na nyumba ya kawaida haifiki huko. Ndani kuna nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi. Gigabiti inazihitaji zote nane, lakini mwendo wa megabiti 100 unatumia nne tu. Ndiyo maana waya uliokatika uzi mmoja unaweza kuendelea kufanya kazi, ila kasi inashuka mara kumi na hakuna anayejua kwa nini. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu kompyuta, kumbe mguu wa kiti ulikuwa umeukanyaga waya. Upande wa ruta, chomeka kwenye tundu lolote la LAN, yaani la vifaa vya nyumbani. Lile lililoandikwa WAN ni la intaneti inayoingia.

Kama ruta iko mbali na kupitisha waya ni kero, nunua kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB. Chagua kinachoshika masafa ya 2.4 na 5 GHz: 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, 5 ina kasi ukiwa karibu. Hakikisha pia kwamba kinakubaliana na mfumo endeshi wako (kama Windows), maana hapa ndipo wengi hukwama: kidude kinahitaji programu yake kutoka intaneti, na intaneti ndiyo hiyo unayoitafuta! Ukinaswa hapo, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, kwenye mipangilio washa kushiriki intaneti kupitia USB, upakue programu hiyo. Njia hiyo inafaa hata kwa kujaribu kompyuta leo, kabla hujanunua chochote.

Usikichomeke kidude nyuma ya kompyuta, kati ya chuma na ukuta. Kiweke mbele, au kwenye waya mfupi wa kurefusha USB, hasa kama tundu la jirani ni USB 3.0 lenye diski ya nje, kwa sababu kelele zake za kielektroniki huvuruga masafa ya 2.4.

Ukishachomeka waya, tazama vitaa pembeni ya tundu. Visipowaka pande zote mbili, badilisha waya au tundu la ruta kabla ya kushuku kingine. Vikiwaka na bado hakuna intaneti, angalia anwani ya IP ya kompyuta, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa ya ruta. Zima ruta, iwashe tena, ngoja dakika mbili tatu, kisha chomoa waya na uuchomeke upya.