Sanduku la bibi, taa hafifu na picha yenye jina lisilo lake: majibu kwa wanaojiandaa kwenda makumbusho

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani, inayoadhimishwa tangu 1977. Kila inapokaribia, makumbusho madogo ya historia hubandika ratiba zao: maonyesho mapya, siku ya kuleta vitu vya zamani, kurekodi simulizi za wazee, usiku wa milango wazi. Ratiba zikishabandikwa, nami huanza kupokea barua. Hizi hapa nilizoona zinawahusu wengi.

Maonyesho ya barua na magauni ya zamani yatakaa miezi mitatu tu. Ya mwaka jana yalikuwa kwenye chumba chenye giza, nikatoka bila kusoma hata nusu. Mbona wanatunyima muda na taa kwa pamoja? (Msomaji mwenye macho ya miaka 68)

Macho yako hayana kosa, mzee wangu. Giza lile limepimwa kwa kifaa. Karatasi, nguo na picha za rangi za maji huwekewa mwangaza wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwangaza). Picha za rangi za mafuta, ambazo ni sugu zaidi, huruhusiwa kufika 200. Linganisha na jua la mchana huko nje, linaloweza kufika lux 100,000. Mwanga huipausha rangi na kudhoofisha nyuzi, na rangi ikishapauka hairudi.

Tena madhara yake hujumlishwa. Saa 10 chini ya lux 50 ni sawa na saa moja chini ya lux 500. Gauni halilali usiku likaamka na nguvu mpya. Kwa hiyo mhifadhi huligawia mwanga kama watu wanavyogawiana maji ya kisima wakati wa kiangazi: likimaliza mgao wake linarudi kwenye boksi, pengine kwa miaka. Muda mfupi na taa hafifu, mzee wangu, vinatokana na sababu hiyo moja.

Sasa la kufanya. Usikimbilie kabati la kwanza. Kaa kwenye benchi dakika tano au zaidi, macho yazoee. Kadiri umri unavyosonga yanahitaji muda mrefu zaidi. Uliza mapokezi kama kuna maelezo yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Tochi ya simu iache mfukoni. Na usingoje wiki ya mwisho, maana kila aliyeahirisha atakuwa pale. Mimi huenda wiki ya pili, siku ya kazi, asubuhi.

Wametangaza siku ya kuleta vitu vya zamani. Nina sanduku la marehemu bibi: picha, barua, daftari na saa ya mfukoni ya shaba. Nimepanga kuisugua saa ing'ae, na picha nizipige plastiki zisichanike njiani. Nilete vyote? Wataniambia vina thamani ya kiasi gani? (Mjukuu wa kwanza)

Mjukuu, weka chini hicho kitambaa kwanza, ndipo tuzungumze.

Ukiisugua shaba unaondoa tabaka lake la juu, na herufi zilizochongwa humo huondoka kidogo kidogo kila unaposugua. Ule wekundu wa kahawia uliokolea ni umri wa saa yenyewe, usiuone kama uchafu. Plastiki ya kubandika kwa moto ni balaa kubwa zaidi: gundi huyeyuka ikashikana na karatasi, na kuitenganisha tena bila kuharibu picha ni karibu muhali. Selotepu nayo hugeuka njano na kuacha doa hata mkanda wenyewe ukishadondoka. Picha iliyochanika ilete hivyo hivyo, vipande vyote viwili kwenye bahasha moja ya karatasi, na kadibodi ngumu nyuma yake.

Mikono ioshe, ikaushe, basi. Zile glovu nyeupe za kwenye filamu hazifai kwa barua, kwa sababu kitambaa hukunyima hisia za vidole, ukageuza ukurasa na kuchana ukingo. Glovu ni za picha na vitu vya madini, ambavyo jasho la vidole huviachia alama.

Ukiona unga unga kama wa msumeno chini ya sanduku, au vitundu vidogo kwenye mbao, sema mlangoni kabla hujafungua chochote. Si aibu. Makumbusho yamezoea wageni wa aina hiyo. Kitu hufungwa vizuri kwenye plastiki kikatiwa kwenye friza, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, hadi wadudu na mayai yao wafe. Aibu ni kunyamaza, wadudu wakahamia kwenye magauni ya yule mzee wa swali la kwanza.

Kuhusu bei: usiwaulize. Makumbusho mengi yamejiwekea kanuni ya kutokadiria bei ya vitu vya watu, na ni kanuni ya busara, kwa sababu anayeweza kupewa kitu kesho hafai kukipangia bei leo. Wao watakuuliza kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, lini, kwa kazi gani. Hapo ndipo sanduku lako litakapopimwa kweli. Saa za aina hiyo zilitoka kiwandani kwa maelfu. Iliyokuwa mfukoni mwa mtu fulani, akiitazama kila jioni asichelewe zamu, ni moja tu, na ukija nayo bila habari hiyo umeleta chuma.

Kwa hiyo tumia siku zilizobaki kuandika. Nyuma ya kila picha, kwa penseli laini wala si kalamu ya wino, andika majina kuanzia kushoto kwenda kulia, bila kukandamiza. Usiyemjua usimbunie jina. Andika "mwanamke mwenye mwavuli, hajulikani." Uzuri wa siku kama hizi ni kwamba mtu wa meza ya jirani anaweza kuinua shingo akasema, huyo ni mama mkubwa.

Jambo la mwisho, na ndilo linalovunja undugu. Kuleta si kutoa. Mara nyingi vitu hupigwa picha au kuskaniwa na unarudi navyo nyumbani siku hiyo hiyo. Wakivutiwa na kitu chako watakueleza njia mbili: kuwaazima kwa muda, au kuwakabidhi moja kwa moja kwa hati. Ukisaini makabidhiano, umiliki umehama. Hutarudi mwakani kukidai kwa kuwa shangazi amekasirika. Muulize shangazi kwanza. Kitu kilichopokewa hupewa namba, kwa mfano 2026.14.3, yaani mwaka, mapokezi ya ngapi mwaka huo, na kipande cha ngapi. Iandike namba hiyo kwenye karatasi za familia, maana kwayo mjukuu wako ataipata saa hata kama waliokupokea wamekwisha kustaafu. Wala usiudhike ukiambiwa kitakaa ghalani. British Museum ya London ina vitu visivyopungua milioni 8, na vinavyoonekana na wageni kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja. Wanaweza pia kukataa kwa adabu. Wakiwa na cherehani tano, yako ya sita itawajazia ghala tu.

Kupiga picha kunaruhusiwa? (Kijana wa simu)

Kwa kawaida ndiyo, kwa matumizi yako mwenyewe, bila flashi na bila kile kijiti cha kujipigia. Flashi moja haimalizi gauni kama watu wanavyodhani. Inawakera wenzako waliokwishazoea giza, na kioo kitakurudishia mwanga wako mwenyewe upate picha ya nyota. Vitu vya kuazimwa huwa na masharti ya mwenyewe. Tazama alama iliyo pembeni ya kabati.

Babu yetu wa miaka 84 amealikwa kurekodiwa siku ya simulizi za wazee. Anasema hana la maana la kusema. Nimwandikie majibu ayakariri? (Mjukuu mwenye wasiwasi)

Hapana, tafadhali. Ukimwandikia, tutakayemsikia ni wewe mwenye sauti ya babu.

Wazee wengi husema hawana la kusema kwa sababu wanadhani wanatakiwa kueleza mambo makubwa, ya viongozi na vita. Makumbusho ya historia ya mahali yanatafuta mambo yaliyokuwa ya kawaida mno hata hakuna aliyeyaandika. Usimuulize "maisha ya zamani yalikuwaje," swali ambalo hata mimi lingenifunga mdomo. Muulize: asubuhi ukitoka mlangoni uligeukia upande gani? Nani alikuwa wa kwanza kukutana naye? Ulisikia sauti gani? Mpe mkononi kitu alichokitumia ujanani, au picha ya barabara ya zamani, kisha unyamaze. Akinyamaza naye, hesabu moyoni hadi kumi kabla hujadakia. Mara nyingi jambo lenyewe liko upande wa pili wa ule ukimya.

Miaka itamchanganya, na usimrekebishe katikati ya maneno. Kumbukumbu ni dhaifu kwenye tarehe lakini ina nguvu kwenye mfuatano, kwa hiyo uliza "hilo lilikuwa kabla ya daraja kujengwa au baada?" Tarehe zitapatikana kwenye nyaraka. Muda usizidi sana. Mradi wa StoryCorps, ulioanza 2003 kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Grand Central mjini New York, hurekodi mazungumzo ya dakika 40, na dakika hizo zinatosha kumchosha mtu wa miaka 84.

Kabla hajaketi, msomee fomu ya ridhaa polepole. Ana haki ya kuuliza nani atasikiliza, na anaweza kuomba sehemu fulani ifungwe kwa miaka kadhaa. Kuna habari zinazowagusa watu walio hai. Babu anajua ni zipi kuliko wewe.

Usiku wa makumbusho ni kwa watu wazima, au niwalete wanangu wa miaka sita na tisa? (Mama wa wawili)

Walete, dada, lakini mlango unapofunguliwa tu. Mtindo huu ulianzia Berlin mwaka 1997, na tangu mwanzo mvuto wake ni umati na zile saa zisizo za kawaida. Kufika saa tatu usiku watoto watakuwa wanaona migongo ya watu. Chagueni chumba kimoja na vitu vitatu. Ukitaka uwamalize makumbusho yote usiku mmoja, watayachukia hadi waote ndevu.

Shikamoo. Darasa letu litaenda kwenye maonyesho mapya na mwalimu ametuambia kitu kikuu pale ni nakala. Sasa tunaenda kuona nini? (Mwanafunzi wa sekondari)

Marahaba, mwanangu. Sikiliza kisa cha pango la Lascaux huko Ufaransa. Michoro yake ya wanyama, ya maelfu ya miaka, iligunduliwa 1940, watu wakaanza kuingia 1948. Pumzi zao, unyevu wa miili yao na taa walizowekewa vikaotesha ukijani ukutani. Mwaka 1963 pango likafungwa. Mwaka 1983 ikafunguliwa nakala yake jirani, na wageni huingia humo hadi leo. Michoro ilikuwa inaharibiwa na watu walioipenda.

Nakala si uongo mradi imeandikwa kuwa ni nakala. Isipoandikwa, nyoosha mkono uulize, hata kama mwalimu atakukonyeza. Ina faida yake pia: mara nyingi unaruhusiwa kuishika. Ishike basi, utafute jambo ambalo maelezo hayakulitaja. Mpini umelika upande gani? Pamekarabatiwa wapi, na kwa ustadi au kwa haraka? Mtu aliyekitumia yuko katika majibu hayo.

Kwenye maonyesho yaliyopita picha ya mtaa wetu iliandikwa jina la mtaa mwingine, na sisi wakazi hatukutajwa popote. Tuususie ufunguzi ujao? (Mkazi wa muda mrefu)

Hasira yako ni ya haki, ila ukisusia hakuna atakayegundua. Kwa muda mrefu makumbusho mengi yalihifadhi mambo ya wafalme na matajiri. Artur Hazelius alipofungua makumbusho ya Skansen mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1891 na kuhamishia pale nyumba za wakulima wa kawaida, lilikuwa jambo la kushangaza. Na mwaka 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipitisha tafsiri mpya ya neno makumbusho, na ndani yake kuna ushiriki wa jamii. Hayo ni maneno kwenye karatasi, lakini ni karatasi unayoweza kuinukuu.

Kitabu cha wageni kiandikie mistari miwili tu. Barua kamili mpelekee mhifadhi: picha namba fulani, kosa ni hili, ushahidi ni huu. Picha moja ya zamani yenye kibao cha mtaa ina uzito kuliko sahihi mia za wakazi wenye hasira. Kisha uliza mkutano wa kupanga maonyesho yajayo ni lini. Maonyesho hupangwa mapema, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi kabla, na siku ya ufunguzi maandishi yamekwisha kuchapwa. Nenda na watu watatu. Mmoja awe yule anayekumbuka majina.

Nina nafasi Jumatatu tu. Niende? (Mfanyakazi wa zamu)

Piga simu kwanza. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu ili wafanye usafi na kubadilisha vitu makabatini. Mimi nimewahi kufunga safari Jumatatu asubuhi, mvua ikinyesha, nikaishia kusoma tangazo la getini.